Kompyuta ya Mezani Iliyozeeka: Mwongozo Kamili wa Kuamua Kuiongezea Vifaa au Kuunda Mpya Ukiwa Mtwara au Lindi

Wiki ambayo wanachuo wanakabidhi ripoti za mafunzo kwa vitendo, foleni katika duka langu dogo la steshenari hapa Mtwara hufika hadi barazani. Mwaka mmoja, katika wiki ya namna hiyo, kompyuta niliyokuwa nikiitegemea ilitumia dakika saba kuwaka na dakika nyingine mbili kufungua faili moja la kurasa arobaini, na wateja wawili wakachomoa flashi zao wakaenda duka la jirani. Usiku ule niliamua kununua kompyuta mpya. Asubuhi, kabla sijapiga simu Kariakoo, fundi kijana aliyekuja kutoa kopi ya cheti chake aliitazama ile mashine ikijikongoja, akaniuliza: "Mzee wangu, humo ndani ni kitu gani hasa kinachokusubirisha?" Sikuwa na jibu, na ndiyo maana nilikuwa karibu kutumia fedha za msimu mzima bila kujua ninatibu ugonjwa gani.

Tangu siku hiyo nimeacha kuulizana na watu kama kompyuta yao ni ya mwaka gani, kwa sababu umri peke yake hausemi mengi. Ninauliza mambo mawili. La kwanza ni lile la fundi: ni kifaa gani kinachoisubirisha kazi? La pili ni langu mwenyewe: fedha nitakayoiweka kwenye kifaa hicho itahama nami kwenda kwenye mashine ijayo, au itazikwa pamoja na mashine hii? Hatua zinazofuata zote zinarudi kwenye maswali hayo mawili.

Hatua ya kwanza: andika kero kabla ya kufungua boksi

Kwa siku tatu za kazi za kawaida, weka daftari kando ya kibodi na uandike kila mara unapolazimika kusubiri: ulikuwa unafanya nini, ulisubiri kwa muda gani, na mashine ilikuwa inatoa dalili gani. Kusubiri wakati wa kuwasha na kufungua programu ni jambo moja. Kusubiri baada ya kufungua kurasa nyingi za intaneti ni jambo la pili. Kusubiri wakati wa kutoa video iliyohaririwa ni la tatu. Na kuzimika ghafla si kusubiri hata kidogo, bali ni hitilafu inayohitaji kutafutwa chanzo chake.

Wakati mashine inasuasua, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka lina sehemu inayoonyesha asilimia ya matumizi ya prosesa (ubongo wa mashine), RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi) na diski (ghala la mafaili). Diski ikiwa imekaa kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa kwenye 15, umeshapata jibu la swali la fundi. RAM ikiwa imejaa zaidi ya asilimia 90, mashine itakuwa inaazima nafasi kwenye diski ili ijikimu, na hapo hata diski inayoonekana kuelemewa huenda inabeba mzigo usio wake. Prosesa ikiwa ndiyo iliyofika 100 na kubaki hapo kwa dakika nyingi, wakati hakuna kirusi wala masasisho yanayoendelea nyuma ya pazia, basi tatizo ni zito zaidi, nasi tutalifikia.

Hatua ya pili: safisha kabla ya kuhukumu

Huku kwetu pwani hatua hii haipaswi kurukwa. Kompyuta inayokaa nyumba za upande wa Shangani, ambako upepo wa bahari unaingia dirishani mchana kutwa, hukusanya vumbi lenye unyevu na chumvi, na vumbi hilo hujibana katikati ya mapezi ya kifaa cha kupoozea prosesa kama zulia. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo mashine nzima huonekana imezeeka wakati imekosa hewa tu.

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Toa vumbi kwa blowa au brashi laini, ukiishikilia feni kwa kidole isizunguke. Chomoa RAM, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli, uipanguse na kuirudisha hadi vibanio vilie. Kama hujawahi kubadilisha grisi ya joto iliyo kati ya prosesa na kifaa chake cha kupoozea, na mashine ina miaka zaidi ya mitano, ibadilishe. Saa ikirudi nyuma kila umeme unapokatika, badilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu unaobeba vifaa vyote. Ni betri ya volti 3 inayopatikana hata kwa mafundi saa. Ukiona vikapasita (vile vikopo vidogo vya umeme kwenye ubao) vilivyovimba vichwa au kutu ya kijani kwenye soketi, usiendelee kuota habari za kuiongezea mashine hiyo chochote. Pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya boksi) usiifungue kamwe, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme hata baada ya kuchomolewa.

Nimeona kompyuta tatu zilizokuwa zinasubiri kuuzwa kwa bei ya kutupa zikirudi kazini baada ya usafi huu. Si nyingi, lakini usafi ni wa nusu saa tu.

Hatua ya tatu: jua kilichomo

Madukani kwetu neno "CPU" hutumika kwa boksi zima, na muuzaji akikuambia "hii ni Core i5" anakuwa amekuambia nusu ya jina. Nusu iliyobaki ni namba. Kwenye prosesa za Intel za familia ya Core, tarakimu zinazotangulia tatu za mwisho hutaja kizazi: i5-4590 ni ya kizazi cha nne, i5-8500 ni ya kizazi cha nane, na i5-10400 ni ya kizazi cha kumi. Tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Core i3-8100 iliyotoka mwaka 2017 inaishinda kasi Core i5-4570 ya mwaka 2013, ingawa muuzaji atakuuzia ile ya pili kwa kujivunia jina la i5.

Andika amri ya msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, na utaona jina la prosesa, kiasi cha RAM na modeli ya mashine. Programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha zaidi: aina ya soketi, jina la mazabodi, na kama RAM ni ya aina ya DDR3, DDR4 au DDR5 (namba kubwa ndiyo mpya zaidi). Programu nyingine ya bure, CrystalDiskInfo, itakusomea afya ya diski. Rangi ya buluu ni njema, ya njano ni onyo, na nyekundu maana yake ni kuhamisha mafaili leo hii, si kesho. Yote haya yaandike kwenye daftari lilelile.

Hatua ya nne: dawa mbili za bei nafuu

Kwa kazi za ofisi, shule, steshenari na chama cha msingi cha ushirika, maradhi mengi yanatibika kwa kubadilisha hadidiski kuwa SSD na kuongeza RAM. Ninaikalia sehemu hii kwa kuwa ndipo wasomaji wengi watakapoishia.

Hadidiski ina sahani zinazozunguka na mkono unaosogea kutafuta data, kama mtu anayetafuta jalada kwenye kabati la masijala. Inaposoma faili moja kubwa lililopangika inaweza kufikisha megabaiti 100 hadi 160 kwa sekunde, na hilo si baya. Lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na hapo mkono unatumia muda mwingi kutembea kuliko kusoma. SSD haina mkono wala sahani. Ile ya SATA, inayotumia njia ileile ya hadidiski, hufika takriban megabaiti 550 kwa sekunde, na ile ya NVMe, inayotumia njia ya kasi zaidi iitwayo PCIe, ya kizazi cha 3.0, hufika takriban 3,500, ingawa kwa anayechapa barua na kufungua barua pepe tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo sana ikilinganishwa na tofauti ya kutoka hadidiski kwenda SSD yoyote. Kompyuta yangu ya dakika saba, baada ya kuwekewa SSD ya SATA ya GB 240, iliwaka kabla sijamaliza kufungua madirisha ya duka.

Mambo manne ya kuangalia. Kwanza, mazabodi za miaka ya 2013 na 2014 kwa kawaida hazina nafasi ya M.2 (tundu la SSD nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao), kwa hiyo nunua SSD ya inchi 2.5 yenye kebo ya SATA. Kama nafasi ya M.2 ipo, hakikisha inapokea NVMe, kwa sababu nyingine hupokea SATA pekee, na vifaa hivyo viwili hufanana kwa umbo. Pili, sokoni kuna SSD na flashi bandia zinazojitangaza kuwa na ujazo ambao hazina. Ijaribu kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza nafasi yote kisha huisoma upya, kabla ya siku za kurudisha kuisha. Tatu, hadidiski ya zamani kama bado ni nzima usiitupe. Iache ndani kama ghala la picha na nakala. Nne, leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungamana na mazabodi, kwa hiyo kubadilisha diski hakukupotezei leseni, ilhali kubadilisha mazabodi kunaweza kukupotezea.

Kuhusu RAM, GB 8 zinamtosha anayefanya kazi za ofisi, na GB 16 zinampa nafasi anayefungua kurasa nyingi pamoja na programu ya uhasibu. GB 4 leo ni mateso. Vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi vizuri kuliko kimoja chenye ujazo uleule, kwa kuwa mazabodi huvisoma kwa njia mbili kwa pamoja. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Pengo lililo kwenye meno yake limewekwa mahali tofauti makusudi, na nimeshaona mtu akiisukuma kwa nguvu hadi akavunja kibanio. Bei ya RAM nayo si ile uliyoizoea: tangu mwishoni mwa 2025 imepanda sana duniani kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Kwa sababu hiyo, ulizia bei wiki hii hii, na usiitegemee kumbukumbu yako ya mwaka juzi.

Rudi sasa kwenye swali la pili. SSD itahama nawe kwenda kwenye mashine yoyote ijayo. RAM ya DDR4 inaweza kuhama. RAM ya DDR3 itazikwa. Kwa hiyo kwenye mashine ya DDR3 nunua RAM iliyotumika, kiasi kile kinachohitajika tu, na SSD nunua nzuri.

Hatua ya tano: mahali ambapo kuongezea hugonga ukuta

Ukuta wa kwanza ni soketi. Prosesa hukaa kwenye soketi ya umbo moja, na Intel imezibadilisha mara kwa mara: vizazi vya sita na saba vilitumia LGA 1151, vya nane na tisa vilitumia soketi yenye idadi hiyohiyo ya pini lakini haviingiliani na mazabodi za awali, vya kumi na kumi na moja LGA 1200, na vya kumi na mbili hadi kumi na nne LGA 1700. Mwenye i3 ya kizazi cha nne anaweza kupanda hadi i7-4790 iliyotumika, na hapo ndipo ngazi inapoishia. Kwa AMD, kampuni inayoshindana na Intel, mambo yamekuwa ya huruma zaidi: soketi ya AM4 ilidumu kwa miaka mingi, na mtu mwenye Ryzen 3 1200 ya mwaka 2017 anaweza, baada ya kusasisha BIOS (programu ya mazabodi yenyewe inayoiwasha mashine) na kuthibitisha kwenye orodha ya mtengenezaji wa mazabodi yake, kuweka Ryzen 5 5600 akapata mashine nyingine kabisa ndani ya boksi lilelile. Ukiwa na mashine ya AM4, kubadilisha prosesa karibu daima kunastahili kufikiriwa kwanza.

Ukuta wa pili ni pawa saplai na umbo la boksi. Kompyuta nyingi za ofisi tunazotumia huku, zile Dell OptiPlex na HP zilizokuja zikiwa zimetumika, zina pawa saplai zenye viunganishi vya kampuni yenyewe, tofauti na kile cha pini 24 cha kawaida. Zile nyembamba hupokea kadi ya grafiki (kifaa cha kuchora picha za monita) fupi tu, na mara nyingi ile isiyovuka wati 75 ambazo nafasi ya PCIe yenyewe hutoa. Mtu anayetaka kadi kubwa ya michezo ndani ya boksi la namna hiyo ataanza na kadi, ataenda kwenye pawa saplai, atahamia kwenye keisi, na mwishoni atakuwa ameunda kompyuta mpya kwa bei ya mbili.

Ukuta wa tatu ni Windows. Huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida waliojiandikisha inafika 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha ndani), uwashaji salama wa UEFI (mrithi wa BIOS), angalau GB 4 za RAM na GB 64 za diski, pamoja na prosesa iliyo kwenye orodha, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha nane na kwa AMD kwa kiasi kikubwa huanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Kabla ya kukata tamaa andika amri ya tpm.msc, mashine nyingi za kizazi cha nane zina TPM iliyozimwa tu kwenye BIOS, ikijulikana kwa jina la PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Kuna njia za kuiingiza Windows 11 kwa mabavu kwenye mashine za zamani, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na zile za Core 2 Duo haziwezi kabisa kuendesha matoleo mapya ya Windows 11 tangu lile liitwalo 24H2. Kwenye kompyuta yenye hesabu za watu wengine, kwa mfano za wakulima wa korosho wanaosubiri malipo yao, mimi siwezi kupendekeza njia hiyo.

Hata hivyo ukuta huu una mlango. Mhasibu wa shule ambaye siku yake yote ni kivinjari, mifumo ya serikali kama NeST wa ununuzi wa umma inayofunguliwa kwa kivinjari hichohicho, na majedwali, anaweza kuwekewa Linux Mint na LibreOffice bila malipo, na kizazi cha nne chenye SSD kitamtumikia vizuri. Anayetegemea programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows peke yake, au printa yenye kiendeshi cha Windows tu, asijaribu bila kuijaribisha kwanza kwa flashi.

Ukuta wa nne ni kazi yenyewe. Kijana mmoja wa Lindi anayehariri video za harusi aliniletea mashine ya kizazi cha nne iliyokuwa tayari na SSD na GB 16 za RAM, akilalamika kwamba video kutoka simu mpya zinakatakata. Simu nyingi sasa hurekodi kwa mfumo wa HEVC, na prosesa za Intel zilianza kuusoma mfumo huo kwa sakiti maalumu ya ndani kuanzia kizazi cha sita, na ule wa biti 10 kuanzia kizazi cha saba. Prosesa yake ilikuwa inafanya kazi hiyo kwa misuli tu. Hakuna SSD ambayo ingemsaidia. Kwake jibu lilikuwa mashine mpya, na nilimwambia hivyo bila kuzungukazunguka.

Hatua ya sita: piga hesabu kwa uaminifu

Chora safu tatu kwenye daftari: kuongezea, kununua iliyotumika ya kizazi cha karibu, na kuunda mpya. Katika kila safu andika bei ya vifaa, nauli ya mzigo, ujira wa fundi, na leseni. Kisha toa thamani ya vifaa vitakavyohama. Tuchukue namba za mfano tu: SSD shilingi 80,000, RAM ya DDR3 iliyotumika 30,000, fundi 15,000, jumla ni 125,000, lakini SSD itahama, kwa hiyo kinachozikwa ni 45,000. Kama mashine iliyotumika ya kizazi cha nane inauzwa 450,000, kuongezea kunashinda kwa mbali. Lakini ukianza kuongeza i7 iliyotumika, pawa saplai na kadi ya grafiki, kinachozikwa kitapanda haraka. Kanuni yangu, ambayo ni ya uzoefu na si ya kitabu, ni kwamba kinachozikwa kikizidi nusu ya bei ya mashine iliyotumika iliyo bora, ninasimama.

Wapo wanaosema mashine mpya itajilipa yenyewe kwa umeme. Piga hesabu. Tuseme ya zamani inakula wati 80 na mpya 35. Tofauti ni wati 45. Kwa saa kumi kwa siku na siku 26 kwa mwezi, unaokoa takriban uniti 11.7, ambazo kwa shilingi 356 kwa uniti ni kama shilingi 4,200 kwa mwezi. Ni fedha halali, lakini haiwezi kuwa sababu kuu ya kununua.

Hatua ya saba: usiidharau njia ya tatu

Mjadala wa kuongezea au kuunda mpya husahau mashine ya ofisi iliyotumika, ambayo kwa watu wengi wa mikoa yetu ndiyo jibu. Tafuta ya kizazi cha nane au zaidi. Mbele ya muuzaji iwashe, ingia kwenye BIOS na uhakikishe haina nywila ya mwenye mali wa zamani. Soma namba kamili ya prosesa. Chunguza diski kwa CrystalDiskInfo. Iache iwake nusu saa ukisikiliza feni. Na omba risiti ya EFD yenye maelezo ya mashine. Kagua pia mgongo wa pawa saplai. Baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya volti 115 na 230, na mashine iliyotoka Marekani ikiwa bado kwenye 115 italipuka mara tu utakapoichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230. Jirani yangu aliusikia mlio huo mara moja, na ilimtosha.

Hatua ya nane: ukiamua kuunda mpya

Anza na swali la RAM, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Kama una DDR4 nzima, chagua mazabodi inayoipokea, ama ya AM4 au ile ya LGA 1700 iliyotengenezwa kwa DDR4, kisha ihamishe RAM, SSD, keisi na monita yako, ununue mazabodi na prosesa tu. Soma jina la mazabodi kwa makini, kwa sababu za LGA 1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5. Kama unaanza na DDR3, huna cha kuhamisha upande huo, na hapo AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4 na inayotumia DDR5 pekee, inastahili kupimwa kwa bei yake yote.

Katika prosesa kuna mtego wa herufi moja. Core i3-12100 ina grafiki ya ndani. Core i3-12100F haina, na bila kadi ya grafiki monita itabaki nyeusi. Vivyo hivyo Ryzen 5 5600G ina grafiki, ilhali Ryzen 5 5600 haina. Bei ya ile isiyo na grafiki huvutia, na mtu wa ofisi hujikuta amenunua kitu kinachomdai kadi ambayo hakuipangia fedha.

Pawa saplai usiifanyie ubahili. Nunua yenye alama ya ufanisi ya 80 PLUS kutoka kwa mtengenezaji anayetaja wati zake za laini ya volti 12, kwa maana hicho ndicho kifaa kinachosimama kati ya umeme wa ukutani na kila kitu kingine. Karibu yake weka UPS (kifaa chenye betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika), na kumbuka kwamba UPS ya VA 650 haitoi wati 650. Nyingi za ukubwa huo hutoa chini ya wati 400, kwa hiyo printa ya leza isichomekwe humo. UPS nayo, kama monita, itahama nawe.

Umbali nao una bei yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa, mizigo ikakwama. Waranti ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwenye risiti ina maana tofauti kwa mtu aliye hatua mia kutoka dukani na kwa mtu wa Newala. Kwa hiyo mwombe muuzaji aunganishe mazabodi, prosesa na RAM, aviwashe na kukutumia video ikionyesha namba za vifaa kwenye skrini kabla ya kufunga mzigo wa basi. Kifaa cha kupoozea kilicho kizito kisafirishwe kikiwa kimefunguliwa, la sivyo mitikisiko ya njiani itaupinda ubao. Nilipopokea mzigo wangu wa mwisho nilikata boksi pale pale stendi mbele ya wakala, na nikakuta kona ya keisi imebonyea; kwa kuwa tuliona wote, hakukuwa na ubishi.

Hatua ya tisa: kuhama

Usiunde wala kununua katikati ya msimu. Kwa wenzetu wa vyama vya msingi, kazi ya kubadilisha mashine ifanyike kabla ya Oktoba, minada ya korosho haijaanza. Kwa wenye steshenari, wakati vyuo vimefungwa. Tengeneza nakala mbili za mafaili, moja kwenye diski ya nje na nyingine nje ya jengo. Weka mfumo upya kwenye SSD badala ya kunakili Windows ya miaka minane pamoja na takataka zake, kisha ijaribu printa, skana na programu ya uhasibu moja baada ya nyingine ukiwa bado na mashine ya zamani inayowaka pembeni. Ziache mbili hizo zifanye kazi sambamba kwa wiki mbili. Baada ya hapo, kabla ya kuiuza au kumpa kijana wa nyumbani ile ya zamani, futa hadidiski yake kikamilifu, kwa sababu ndani yake mna nakala za vitambulisho na vyeti vya kila mteja aliyewahi kukuachia flashi.